Pipa Nililoliziba Pua

Nianze na aibu yangu mwenyewe, kwa sababu nikiwaachia majirani waisimulie wataipamba. Mimi Dekow, fundi wa bomba wa serikali mjini Garissa, mtu aliyekuwa akitumwa nyumba za wakubwa kuzuia maji yasivuje, niliziba kwa mikono yangu bomba la kupumulia la pipa la maji moto nyumbani kwangu. Niliziba kwa malmal, ile gundi chungu ya porini, nikagongelea kijiti juu yake, kisha nikarudi nyuma kidogo kulitazama pipa langu kwa mapenzi, kama mtu aliyenunua ngamia.

Mnacheka. Chekeni, lakini chekeni mkiangalia juu ya bafu zenu. Siku hizi mmetundika matangi meupe ya stima kama mayai ya mbuni, na ubavuni mwa kila tangi pana kivali kidogo cha kupumulia chenye mrija unaodondosha tone moja moja. Juzi mpwa wangu, mwenye nyumba ya vigae hapa hapa mjini, aliniita nione ujanja wake. Alikuwa ameuziba ule mrija kwa kipande cha plastiki na utepe, kwa sababu, eti, unachafua sakafu. Nilitazama, nikaomba kiti. Vita viliisha, lami ikafika, mimi nikastaafu, lakini ujinga wangu bado uko kazini.

Kwa hiyo nawaandikia. Msipoelewa mara ya kwanza, rudini kusoma. Mimi mwenyewe sikuelewa mpaka ukuta uliponilalia miguuni.

Siku zile za vita vya shifta, serikali ikipigana na waasi huku kwetu, maji ya moto yalitoka kwenye pipa la mafuta lililosafishwa, likalazwa juu ya meko ya matofali nje ya nyumba. Chini yake unatia kuni. Juu yake pana tundu la kujazia lenye kizibo cha kukaza, na pembeni mwa tundu hilo linasimama bomba jembamba lililo wazi kabisa, refu kama shingo ya swala twiga. Hilo ndilo bomba la kupumulia. Maji yakichemka, mvuke unatokea pale, na matone mawili matatu hurukia nje. Halina kazi nyingine. Linasimama tu likitema mate, na kwa macho ya mtu wa nchi kavu linafanana na mzembe anayemwaga mali ya watu.

Mtaniuliza nani aliyetaka maji ya moto Garissa, mahali ambapo ukiacha sufuria juani adhuhuri unaweza kunawia. Swali zuri. Waliyataka wakubwa wa serikali waliotoka nchi za baridi. Asubuhi wanalalamika jua linawaua, jioni wanataka kuoga maji yanayofuka. Nyumba zao zilikuwa na mapipa hayo nyuma, na mapipa hayo yalivuja kila wiki, nami nilikula kwa sababu yalivuja. Kwa hiyo sikuwacheka mbele yao. Niliwacheka nikifika nyumbani, kisha nikawaiga.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mutiso, fundi mkubwa kutoka Ukambani, mtu mfupi mwenye mikono kama spana. Nilipopelekwa kwake nilikuwa nimetoka sekondari, jambo ambalo nililitaja kabla ya salamu kuisha. Nikamweleza jinsi maji yanavyopanuka yakipashwa moto. Akasikiliza mpaka mwisho, akanipa ndoo, akaniambia basi niyafuate hayo yaliyopanuka nione yamefika wapi, maana jiko la mkubwa lilikuwa limejaa.

Mutiso hakuwa na hotuba. Alikuwa na tabia, na ukitaka kulinda nyumba yako iibe tabia hizo. Alisokota katani kwenye nyuzi za bomba akifuata upande wa kukazia, kisha akaipaka rangi nzito ndipo akaze. Nyinyi mnazungusha utepe kama mnafunga zawadi, tena kinyume, mnakaza, unajikunja wote nje. Hakuliegemeza pipa ukutani hata siku moja. Aliacha nafasi ya mtu kupita na taa, akisema fundi anayeshindwa kuona mgongo wa pipa atauona mgongo wake mwenyewe ukichapwa. Chini ya meko alichimba kijifereji cha saruji kinachopeleka maji mbali na msingi, ili pipa likivuja livujie mchicha. Na alipokuwa na shaka na kiungo, alinyunyiza jivu kavu chini yake jioni, akaenda zake. Asubuhi jivu likiwa limeganda mahali, hapo ndipo penye ugonjwa. Jivu halina aibu ya kumwambia mwenye nyumba ukweli. Fanyeni hivyo hata leo chini ya matangi yenu meupe. Kama hamna jivu kwa sababu mnapika kwa gesi, tandazeni karatasi kavu.

Haya yote niliyajua. Nataka hilo lieleweke vizuri, kwa sababu kuna mpumbavu asiyejua na kuna mpumbavu mwenye cheti cha sekondari.

Mimi tangu ujana ni mtu wa nyumbani. Wenzangu walipotumwa Griftu kurekebisha mabomba ya kisima, mimi nilipata homa. Walipotumwa Hadado, homa ilirudi. Barabarani kulikuwa na risasi, hilo ni kweli, na malori yalitembea kwa msafara yakisindikizwa na askari. Lakini hata kungekuwa na amani na zulia mpaka Wajir, mimi ningependa kubaki na mkeka wangu, chai yangu na kuta zangu. Nilikuwa nimejenga kwa matofali ya udongo, mlango wa mbao, dirisha lenye kioo. Katika mtaa wetu dirisha la kioo lilikuwa langu peke yangu, na nililifuta kila Ijumaa hata kama si chafu.

Mwaka ule mke wangu Halima alijifungua binti, mtoto wetu wa kwanza. Mnajua desturi yetu: mzazi hukaa ndani siku arubaini, huogeshwa maji ya moto, na hatoki nje ovyo. Mama yake akaja kumtunza. Alikuja kutoka upande wa Modogashe juu ya lori la msafara, na hakuja kama mgeni tu. Watu wa kwao walikuwa wamekusanywa waishi karibu na kambi ya polisi, na mifugo yake mingi haikufika huko. Sikumwuliza ilikokwenda. Siku zile swali hilo halikuwa na jibu zuri hata moja. Alichofika nacho ni mbuzi mmoja mchanga na nyumba yake nzima, miti iliyopindwa na mikeka, imefungwa mizigo miwili.

Nilipoona ile mizigo ikishushwa nilijisikia vibaya, na si kwa huruma. Niliona haya. Nyumba ya miti na mikeka, mbele ya dirisha langu la kioo! Nikaisogeza nyuma ya choo na kuifunika turubai ili wapita njia wasiione. Sasa mnaelewa mnasoma barua ya mtu wa namna gani.

Kafyu ilianza magharibi. Baada ya hapo mtu akionekana uani na kijinga cha moto angeweza kupigwa risasi kabla ya kuulizwa jina. Halima alihitaji maji moto usiku, kwa hiyo nikatengeneza pipa, ili tuchemshe alasiri na maji yakae na moto wake. Mpaka hapo nilikuwa mume mwema. Ubaya ulianza nilipotaka kuwa mume hodari. Nilililaza pipa nje likigusa kabisa ukuta wa chumba cha Halima, nikapitisha bomba ukutani, nikafunga koki ndani, karibu na kitanda. Mtaa mzima ulikuja kutazama koki inayotoa maji moto chumbani. Mutiso peke yake hakuja, kwa sababu sikumwalika. Nilijua atauliza nafasi ya taa iko wapi.

Maji yenyewe aliniletea jirani yangu Bile, mchukuzi wa maji kwa punda. Alishuka mtoni asubuhi na kupanda na madebe, na kila tone alilolileta lilikuwa limepita kwenye kizuizi cha askari na maswali yao. Huyo Bile alikuwa mtu wa maneno machache, yote makali. Alipoona bomba langu la kupumulia likitema matone yake pipa lilipochemka, alisimama akalitazama kama mtu anayetazama mwanawe akicheza kamari. Akaniambia kwamba yeye na punda wake wanasimamishwa na bunduki ili mimi nimwagie kunguru.

Neno lile lilinichoma. Nimezaliwa na watu ambao chombo cha maziwa kikianza kutoa jasho, mama anakiziba kabla ya kusema bismilahi ya pili. Kwetu chombo kizuri ni kile kisichotoa kitu. Sekondari yangu ikasema maji hupanuka. Damu yangu ikasema tone linapotea. Nikaisikiliza ile ya pili. Nikapanda na malmal na kijiti.

Kuanzia siku ile pipa halikutema mate tena. Lilikuwa likinguruma kidogo tu, na kifuniko cha mbele kikatokeza nje kama kitambi cha chifu. Nikajiambia limenenepa.

Sikilizeni sasa, hapa ndipo penye faida. Pipa lililozibwa pua linatafutia mvuke njia nyingine, na litachagua mahali usipopaona. La kwangu lilifungua mshono wa nyuma, ule ulioelekea ukutani, ufa mwembamba kama unyoya. Maji yakawa yanatoka kidogo kidogo na kunywewa na matofali. Hakuna dimbwi, hakuna kelele. Avujaye kwa kelele ni rafiki yako. Huyu wa kimya ndiye anayekula nyumba.

Baada ya siku chache nikaona doa la majimaji chini ya ukuta, upande wa nje, kwenye kona. Mimi, mwanafunzi wa Mutiso, nilichuchumaa, nikaligusa, nikanusa kidole, nikatangaza matokeo ya uchunguzi: mkojo wa punda.

Usiku punda wa Bile alifungwa kwenye mti karibu na kona ile. Asubuhi nilikwenda kwa Bile na maneno ya kitabuni. Nilimweleza kuhusu ujirani, usafi na msingi wa nyumba. Nilimwambia mnyama wake anabomoa mali ya mtu. Bile akaniuliza kama ninaijua harufu ya mkojo wa punda. Nikamjibu kwamba mimi ni fundi, najua kila kinachopita kwenye bomba. Akamfungua punda wake, akampeleka kumfunga mbali, kwenye jua tupu. Nikarudi nyumbani nimeshinda. Doa likakua.

Ndani ya nyumba kulikuwa na mtu aliyejua, lakini mtu huyo hangeweza kuniambia. Kwetu mama mkwe na mkwewe wa kiume wanaheshimiana kwa kukwepana. Hataji jina langu, hanitazami usoni, hanisemeshi. Nikiingia uani anavuta shuka na kugeukia upande. Akiwa na neno, anamwambia binti yake, naye Halima wakati ule alilala mchana kutwa kwa kuchoshwa na mtoto. Ndipo mama mkwe akaanza kuzungumza na mbuzi.

Siku ya kwanza nilikuwa nimeketi kivulini na chai. Akamwambia yule mbuzi mchanga, kwa sauti ya kufika mpaka kwenye kikombe changu, asilale pale, kwani ule ukuta umelewa. Nikanywa chai. Kesho yake akamwambia mbuzi kwamba mkeka wa chumbani umeanza kuota ukungu, na kama mbuzi ana mwanamume kwao basi amwite aje aguse. Nikajisemea, mazungumzo haya si yangu, na adabu inanikataza kuyadaka. Tena nikajisifu kwa adabu hiyo. Siku ya tatu akamsifu mbuzi kwamba yeye angalau ana masikio.

Ningeamka wakati wowote nikanyunyiza jivu. Ningepitisha mgongo wa mkono ukutani, ndani, chini, mahali ambapo unyevu hujitokeza kwanza. Nyinyi fanyeni hivyo, kila mwezi, nyuma ya tangi na chini yake, na msingoje mbuzi aambiwe. Mimi nilikuwa na punda wa kulaumu, na mtu mwenye punda wa kulaumu hachuchumai tena.

Siku yenyewe ilikuwa alasiri, pipa liko motoni. Niliingia chumbani kuchota maji, nikamkuta Halima amelala, mtoto kando yake upande wa ukuta, na mama mkwe ameketi mlangoni akisuka kamba. Nilifungua koki. Ikatoa pumzi ndefu, kisha mvuke, kisha maji mekundu ya udongo. Nikabaki nimeinama nikiyashangaa, najaribu kukumbuka somo.

Mama mkwe akasimama. Hakuvuta shuka. Alinitazama usoni, mara ya kwanza tangu nimwoe bintiye, akasema, "Dekow. Chukua mtoto utoke."

Sijasikia amri kama ile, wala kwa mkubwa wa serikali wala kwa askari wa kafyu. Kama angeniambia moto, au nyoka, ningeuliza yuko wapi. Lakini jina langu kinywani mwa mama mkwe lilimaanisha kwamba dunia imepasuka mahali. Nilimnyakua mtoto na nguo zake. Yeye alikuwa amekwisha kumwinua Halima kwa makwapa na kumburuta. Tulikuwa uani, mimi bila viatu, ukuta ulipoketi chini. Haukuanguka kwa kishindo kama mnavyofikiri. Ulikunja magoti kama ngamia, ukalala juu ya kitanda chote, na nusu ya paa ikaufuata. Pipa nalo likabingirika kutoka kwenye meko likiwa linafoka kwa nyuma, na hatimaye kila mtu akaweza kuuona mgongo wake. Dirisha la kioo lilibaki limesimama peke yake kwenye ukuta wa mbele, safi kabisa, unaona anga mpaka ng'ambo.

Watu wakaja mbio wakidhani ni bomu. Walipoona ni mimi, wakatulia.

Jua lilikuwa likishuka. Kafyu haimngojei mtu aliyeangukiwa na nyumba, na mzazi mwenye kitoto hawezi kulala uani chini ya umande na doria. Nyumba za majirani zilijaa jamaa waliokimbia vita, watu wamelala mpaka jikoni. Nikaanza kuzunguka nikisema kwamba ningekwenda kwa mkubwa fulani, ningeomba chumba, ningeandika barua. Nilikuwa bado nimembeba mtoto, nami sikujua hata kwamba ninambeba vibaya, mpaka mwanamke mmoja akanigeuzia mikono.

Mama mkwe hakutazama upande wangu tena. Ile ruhusa ilikwisha. Alimwambia mbuzi atoke njiani, akaenda nyuma ya choo, akalivuta turubai langu. Wanawake wakamfuata. Wakachimba vishimo, wakapinda miti, wakafunga kwa kamba, ile ile aliyokuwa akiisuka mlangoni, wakavisha mikeka kutoka chini kwenda juu ili hata mvua iteremke nje. Kwetu nyumba ile ni kazi ya wanawake na mali ya mwanamke, mume hagusi. Kwa hiyo fundi wa serikali alisimama katikati ya ua na mtoto mikononi, akitazama nyumba ikiinuka bila msumari, bila bomba, na bila yeye. Jua halijazama, Halima alikuwa ndani amelala, na moshi wa ubani unatoka mlangoni.

Mutiso alifika mapema kidogo kuliko kafyu, amesikia kazini. Hakunipa pole. Alilizunguka pipa, akapitisha kidole kwenye ufa wa nyuma, kisha akaliinua bomba la kupumulia na kuchungulia. Akang'oa kile kijiti. Akaibandua malmal, akainusa, akanipa mkononi kama mtu anayemrudishia mwenzake kofia iliyoanguka. Akauliza nani amefanya hivi. Nikatafuta mtu. Wallahi, hata pale nilitafuta mtu.

Ndipo nilipomwona Bile. Alikuwa amesimama kwenye ile kona yenye doa, ambako sasa hakukuwa na kona, ameshika kamba ya punda wake aliyekuwa akirudi kutoka kule juani. Alitazama pipa, akatazama malmal mkononi mwangu, akatazama nyumba ya mikeka. Mimi na yeye tulizoea kusemeshana kwa Kisomali. Siku ile alichagua Kiswahili, taratibu, ili Mutiso naye asipitwe.

"Punda yangu ikojoe hapa mwaka mzima, haiwezi angusha nyumba," alisema. "Kuangusha nyumba inataka fundi."